Mkono wa Pei-Rong

Kila alasiri akitoka shule, Kai-Yun alipanda juu ya paa kuanua nguo, na huko ndiko alikompigia simu dada yake bila kusikilizwa na mtu. Dada huyo, Pei-Rong, alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa Australia mwezi wa tatu sasa kwa viza ya kufanya kazi likizoni, ile wanayopewa vijana watembee nchi ya watu huku wakijitafutia riziki.

Kutembea kwenyewe hakukuwapo. Kazi ya mkahawa aliikosa kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Ndipo akaona tangazo kwenye kundi la mtandaoni la Wataiwani wenzake: kazi ipo leo leo, Kiingereza si lazima. Bwana Gao, aliyeliweka tangazo hilo, aliwapeleka vijana kumi shamba la zabibu, akachukua pasipoti zao eti awatunzie, na hakumwandikisha kazini kisheria hata mmoja.

Siku ya mwisho ya mwaka wa Kichina, Pei-Rong aliwasha kamera akaonyesha mkono wa kushoto. Kidole cha kati, alichojikata kwa mkasi wa zabibu, kilikuwa kimevimba na kuiva usaha.

"Dada! Nenda hospitali!"

"Bwana Gao anasema nikienda tu, tunafukuzwa nchini wote. Nameza dawa za maumivu. Wewe nyamaza."

"Nimwambie Mama?"

"Leo? Una wazimu? Bibi atazimia. Ngoja siku ya tano ya mwaka mpya ipite."

Kai-Yun alielewa. Siku za kwanza za mwaka, nyumbani kwao halitajwi jambo la ugonjwa wala kifo, na mtu haendi kwa daktari asije akaugua mwaka mzima. Bibi hakuwa na mchezo na mambo hayo. Mwaka uliopita Kai-Yun alisema mezani kwamba anakufa kwa njaa, na Bibi akampangusa mdomo kwa karatasi ya chooni ili kuondoa mkosi, binamu wote wakimcheka.

Jioni walikula pamoja, bakuli la Pei-Rong likiwa mezani na vijiti vyake vya kulia, ingawa hayupo. Mama akampigia. Pei-Rong alionyesha uso tu, akicheka huku jasho likimtiririka.

"Mbona umepauka hivyo, mwanangu?"

"Ni taa za huko, Mama," Kai-Yun akadakia. Uongo ulimtoka laini mno, hata akajiogopa.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya mwaka ilikuja picha nyingine. Kidole kilikuwa cheusi, na mstari mwekundu ulipanda hadi juu ya kiwiko. Chini yake Pei-Rong aliandika: "Huku jua kali, lakini natetemeka." Kai-Yun akapiga simu mara sita. Haikupokelewa.

Sebuleni wageni walikuwa wamejaa, machungwa mkononi, wakitakiana heri. Kai-Yun alisimama katikati yao na sinia la peremende. Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

"Dada Pei-Rong anakufa!"

"Mungu wangu, siku ya kwanza hii!" Shangazi akamaka. "Mfunge mdomo huyo mtoto!"

Bibi aliinuka na mkono juu. Kai-Yun hakurudi nyuma, alimnyooshea simu. Bibi aliitazama ile picha, na mkono ukashuka wenyewe.

"Anafanya kazi wapi?" akauliza.

Kai-Yun peke yake ndiye aliyelijua jina la shamba. Baba alipiga simu ofisi ya Taiwani inayowasaidia raia wake kule Australia, nayo ikaita gari la wagonjwa. Bwana Gao alisimama getini akiapa kwamba hakuna mgonjwa, mpaka kijana mmoja alipopiga kelele kutoka bwenini walikolala vibarua. Walimkuta Pei-Rong sakafuni, hajitambui. Sumu ya kidonda ilikuwa imeingia kwenye damu. Madaktari waliuokoa uhai wake, lakini walikata vidole viwili.

Polisi walizipata pasipoti, na Pei-Rong akarudi nyumbani mwezi wa Machi. Jioni ile Kai-Yun alimwona dada yake akiuficha mkono chini ya meza, akaangua kilio.

"Ningesema siku ile nilipouona mkono, Bibi, vidole vingekuwapo?"

Mama alimkata jicho, lakini Bibi aliweka vijiti chini.

"Huenda vingekuwapo. Sikudanganyi. Ila mdomo wako niliufunga mimi. Umri wote huu nimeogopa kutaja ubaya kuliko ubaya wenyewe." Akamgeukia Pei-Rong. "Nawe ulidhani unatuhurumia. Nyie wote wawili, nisikilizeni. Mtu akiumia, jambo hilo si la kufichwa, hata aombe kwa machozi. Semeni siku hiyohiyo, kwa mtu mzima anayeweza kusaidia. Na nikiinua mkono niwanyamazishe, semeni zaidi."

Supu ilikuwa inapoa. Pei-Rong alijaribu kushika bakuli kwa mkono wa kushoto, likamponyoka. Aliurudisha mkono chini ya meza, kisha akautoa wote na kuuweka juu, mbele ya kila mtu.

"Kai-Yun," akasema, "nishikie bakuli. Mwenyewe siwezi."