Jina la Mihambo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sikuzani alikuwa na kazi moja isiyotaka uvivu: kukoroga gundi. Baba yake, Fundi Mfaume, alikuwa mjalidi wa vitabu mjini Tabora. Watu walimletea misahafu iliyochakaa, madaftari ya maduka na vitabu vya nyimbo za kanisani vilivyoachia nyuzi, naye alivishona upya na kuvivika majalada ya ngozi. Gundi yake ilikuwa ya unga wa ngano. Ukiacha kukoroga kidogo tu, inafanya madonge, na Fundi Mfaume hakuwa na subira na madonge.

"Koroga, mama," alikuwa akimwambia bila kuinua macho. "Kitabu hakijui kwamba una usingizi."

Huo ulikuwa mwaka 1954, Mwingereza akiitawala Tanganyika, na Sikuzani alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Siku moja ya mwezi wa Julai, Mwalimu Yoramu aliingia darasani na barua mkononi.

"Maonyesho ya Vitabu yanakuja Tabora," alisema. "Yametoka Dar es Salaam kwa gari moshi. Yamekwisha kupita Morogoro na Dodoma. Hapa yatakaa siku tatu, kisha yatakwenda Mwanza. Kuna vitabu zaidi ya elfu moja, na kila mtu anaruhusiwa kuvishika na kuvisoma, awe na senti au asiwe nayo."

Darasa zima lilivuma kama mzinga wa nyuki. Kabati la shule yao lilikuwa na vitabu thelathini na kimoja, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa nusu.

"Nyamazeni, sijamaliza. Kila shule itapeleka hadithi moja ya kweli, iliyosimuliwa na mzee wa nyumbani kwa mwanafunzi. Itakayochaguliwa itawekwa mezani pamoja na vitabu, itasomwa mbele ya wageni, kisha itasafiri na maonyesho hadi Mwanza."

Sikuzani hakuhitaji kufikiri. Bibi yake mzaa baba, Bibi Maua, alikuwa binti wa mpagazi aliyeitwa Mihambo. Mihambo alibeba pembe za ndovu begani kutoka Tabora hadi Bagamoyo, miezi mitatu kwa miguu, akipita Ugogo ambako msafara ulitozwa hongo, ushuru wa njia, hata kwa maji ya kunywa. Alikwenda mara mbili akarudi. Mara ya tatu hakurudi.

"Mwenye pembe ameandikwa," Bibi Maua alisema jioni ile, Sikuzani alipomwomba amsimulie tena. "Aliyenunua pembe ameandikwa. Aliyeibeba hakuandikwa popote. Mwandike Mihambo, mjukuu wangu. Mwandike kwa wino."

Sikuzani aliandika kwa wiki mbili. Alifuta, akaandika tena, akamsomea bibi yake, akakosolewa, akarekebisha. Alipomaliza, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya kukusanya kazi, homa ikamwangusha. Alitetemeka chini ya mablanketi mawili na meno yakagongana.

Rafiki yake, Veneranda binti Hilari, aliyekaa naye dawati moja, alikuja kumjulia hali. Mama yake Sikuzani alikuwa sokoni, na Bibi Maua alikuwa anaswali chumbani.

"Nipe daftari nimpelekee mwalimu," Veneranda alisema. "Usije ukakosa kwa ajili ya homa."

Sikuzani akampa. Veneranda alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Homa ilimwachia Sikuzani siku ileile maonyesho yalipofunguliwa. Miguu ilikuwa bado dhaifu, lakini nani angemzuia? Alioga, akavaa gauni lake la Idi, akaenda hadi kwenye ukumbi ulio jirani na stesheni.

Hakuwa amepata kuona kitu kama kile. Meza zilipangwa kutoka mlangoni hadi ukutani, na juu yake vitabu vya kilimo, vya ndege, vya nyota, vya hadithi, vya namna ya kutunza mtoto. Wakulima waliotoka mbali walivifunua kwa ncha za vidole kama wanaoogopa kuviamsha. Mshona viatu mmoja alikuwa anamsomea mwenzake kwa sauti, na watu sita walikuwa wamesimama nyuma yao wakisikiliza. Msimamizi, Bwana Sylvester, mtu wa makamo aliyevaa miwani, alizunguka akisema, "Karibuni, shikeni, someni." Nje ya mlango mama mmoja alikaanga maandazi kwenye jiko la mkaa.

Dirishani kulikuwa na meza ya hadithi za wanafunzi. Sikuzani aliisogelea. Aliona daftari jipya lenye jina la shule yake. Chini yake, kwa mwandiko mzuri wa duara, palikuwa pameandikwa: *Safari ya Pwani. Imeandikwa na Veneranda binti Hilari.*

Alifungua ukurasa wa kwanza. Maneno yalikuwa yake. Pembe iliyochubua bega ilikuwa yake. Maji machungu ya Ugogo yalikuwa yake. Ila mpagazi hakuitwa Mihambo tena. Aliitwa Ngasa, na aliyesimulia alikuwa "bibi yangu Katarina." Akafunua ukurasa wa pili, na wa tatu. Pale, katikati ya ukurasa wa tatu, mwizi alikuwa amejisahau: *Hapo ndipo Mihambo alipotua mzigo wake akalia.*

Mwalimu Yoramu alikuwa amesimama hatua kumi tu kutoka pale. Angeweza kumwita. Angeweza kuweka kidole juu ya jina lile na kusema, "Mwalimu, tazama." Hakufanya hivyo. Alilichana daftari lile vipande viwili, kisha vinne, akatoka nalo mbio na kulisukumiza jikoni, kwenye mkaa, chini ya karai la maandazi. Moto ukaruka. Mama wa maandazi akapiga ukelele.

"Mwizi!" Sikuzani alimpigia kelele Veneranda, aliyekuja mbio pamoja na wengine. "Mwizi wee! Nilikuwa naumwa, ukaniibia!"

"Sikuzani!" Mwalimu Yoramu alimshika mkono. "Una wazimu? Hiyo ni mali ya maonyesho!"

"Ni yangu! Nilimpa daftari anipelekee kwako!"

"Mimi hakunipa kitu," Veneranda alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Nilikwenda kumjulia hali tu. Hadithi za wapagazi ziko kila nyumba hapa Tabora."

"Una ushahidi gani, Sikuzani?" mwalimu aliuliza.

"Ukurasa wa tatu! Amelisahau jina la Mihambo kwenye ukurasa wa tatu!"

"Haya. Ukurasa wa tatu uko wapi?"

Watu wote walitazama jiko la maandazi.

Sikuzani alirudishwa nyumbani na kukatazwa kukanyaga ukumbini. Njia nzima alitembea amekunja ngumi. Alimchukia Veneranda, akamchukia mwalimu, akayachukia hata maandazi. Alipowaeleza watu wa nyumbani, alidhani baba yake angevaa kofia na kwenda kwa Hilari saa ileile.

Fundi Mfaume aliweka sindano chini. "Miaka ishirini nashona vitabu vya watu," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito kwa ghadhabu. "Leo mwanangu amechana kitabu mbele ya mji mzima."

"Baba, ameiba!"

"Nimesikia. Na kama ameiba, Mungu anamwona. Mimi nakuuliza habari ya mikono yako wewe."

Bibi Maua hakugomba. Aliuliza tu, "Kwa hiyo Mihambo alikuwa ameandikwa, mara moja, kwa wino?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe ndiye uliyemchoma."

Sikuzani alilia.

Asubuhi yake baba alimwambia, "Nenda ukakiri kosa lako."

"Nimwombe radhi mwizi?"

"Sikukwambia umwombe mwizi. Aliyekabidhiwa meza ile ni yule bwana wa vitabu. Yeye hakukuibia. Nenda kwake."

Sikuzani alikwenda kama mtu anayesukumwa na upepo asioutaka. Kwa kuwa alikuwa amekatazwa kuingia, alisimama mlangoni hadi Bwana Sylvester alipomwona.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuchana kingine?"

"Hapana, bwana. Nimekuja kusema ni mimi niliyechana, hakuna aliyenituma. Nilikosa. Hadithi ilikuwa yangu, lakini meza ilikuwa yako. Adhabu utakayonipa nitaipokea."

Bwana Sylvester alivua miwani akaifuta. Bado alikuwa na hasira, na hakuificha. "Toka Dar es Salaam mpaka hapa sijapoteza hata karatasi moja," alisema. "Leo alasiri hadithi ile ilikuwa isomwe mbele ya wageni. Sasa nisome nini? Majivu? Na wewe unasema ilikuwa yako; basi nitamwomba mwalimu wenu amlete yule Bibi Katarina mwenyewe, aisimulie kwa mdomo. Kaa pale kwenye benchi. Utasikiliza mpaka mwisho, bila kufungua kinywa. Hiyo ndiyo adhabu ya kwanza."

Ilikuwa adhabu kali kuliko viboko. Sikuzani alikaa, akaiuma midomo yake.

Alasiri ukumbi ulijaa. Mwalimu Yoramu aliingia na Bibi Katarina, bibi yake Veneranda, aliyetembea kutoka Ipuli akiegemea fimbo. Veneranda alikuja nyuma yao. Uso wake ulikuwa umepauka, na kila mara alimvuta bibi yake kanga akimnong'oneza, "Bibi, turudi, utachoka." Bibi Katarina aliutoa ule mkono kama anayefukuza nzi.

"Mwangaluka," aliwasalimu watu kwa Kinyamwezi, nao wakamwitikia. Bwana Sylvester akampa kiti.

"Bibi, tumekuita utusimulie ile safari ya baba yako Ngasa, alipobeba pembe kwenda pwani."

Bibi Katarina alimtazama. "Pwani ipi?"

Watu walicheka, wakidhani anatania. Yeye hakucheka.

"Baba yangu Ngasa alikuwa mrina asali," alisema. "Alitundika mizinga katika misitu ya Usinge mpaka alipokufa. Pembe hakubeba, na bahari hakuiona, wala mimi sijaiona. Nani amewaambia habari hizo?"

Mwalimu Yoramu aligeuka polepole kumtazama Veneranda. Veneranda alifunika uso kwa viganja.

"Niliinakili," alisema huku akilia. "Sikuzani alinipa daftari lake, nikainakili. Mimi nilijaribu kuandika yangu nikashindwa. Nani angetaka kusoma habari za mrina asali?"

Bibi Katarina alisimama, na fimbo ikagonga sakafu. "Ulinikuta kila jioni pale nyumbani. Uliniuliza lini ukanikosa? Umemnyang'anya mwenzio babu yake, na babu yako wewe umemtupa!"

Sikuzani alikuwa ameshasimama. Alikuwa amefikiri kwamba ukweli ukijulikana hasira ingemtoka, kumbe ilipanda upya. "Daftari langu liko wapi?"

"Nililitupa chooni," Veneranda alisema.

Mkono wa Sikuzani uliinuka wenyewe. Watu waliokuwa karibu walirudi nyuma. Mwalimu Yoramu alitaka kusogea, lakini Sikuzani alikwisha kuuteremsha. Aliweka mikono yote miwili mgongoni, akaishikanisha kwa nguvu hadi vidole vikauma.

"Bwana Sylvester," alisema, pumzi zikimkatika, "naomba karatasi."

Aliandika jioni ile na siku ya tatu yote, mezani pale dirishani, na Bibi Maua alikuja akaketi pembeni yake kumkumbusha. Mwandiko haukuwa mzuri, maana mkono ulikuwa na haraka. Fundi Mfaume alileta sindano na uzi, akaishona hadithi palepale ukumbini. Veneranda, kwa amri ya mwalimu, alifagia ukumbi siku zote mbili, na mbele ya shule nzima akatakiwa aombe radhi. Bibi yake naye alimpa amri yake: hadithi ya mizinga ya Usinge iandikwe mpaka iishe, hata kama maonyesho yatakuwa yamekwisha kuondoka. Sikuzani pia hakusamehewa kazi. Siku ya nne yeye na Veneranda walibeba masanduku ya vitabu hadi stesheni, mmoja mbele na mmoja nyuma, bila kusemezana hata neno.

Hadithi ya Mihambo ilikuwa katika sanduku la mwisho. Bwana Sylvester alilipigilia misumari mbele yao, na gari la Mwanza likaondoka saa kumi na moja jioni.

Veneranda alikwenda kumshika mkono bibi yake, wakaanza njia ya Ipuli. Sikuzani alibaki na Mwalimu Yoramu jukwaani.

"Mwalimu, bado nina hasira naye."

"Najua. Sikuombi uiache leo," mwalimu alijibu. "Aliyedhulumiwa ana haki ya kukasirika. Lakini tazama yaliyotokea. Veneranda aliiba, akaacha alama ya wizi wake mezani, na wewe ukamchomea alama hiyo. Hata kama ungetaka kumsaidia, usingemsaidia zaidi ya hapo. Siku ya pili ulikuja ukasema kosa lako bila kulifunika, na tangu saa ile kosa lake likakosa pa kujificha. Mtu akikudhulumu, Sikuzani, kasirika, lakini mikono yako usiiachie hasira. Ipe kazi ya kulinda kilicho chako, na kinywa chako ukipe kazi ya kusema kweli yote, hata ile inayokuuma wewe."