Aliyemwona Ngassa Buseresere

Nyundo ya fundi ilinyamaza saa tatu asubuhi. Chini ya kaunta ya Igembe Baa, jirani na stesheni ya reli mjini Shinyanga, zege lilikuwa limepasuka, na mfupa wa paja la mtu ulikuwa umejitokeza ukiwa umefungwa kipande cha chuma kwa skrubu.

Nelly, aliyeinunua baa hiyo mwaka jana na sasa alitaka kaunta ya kisasa, aliwatoa wateja nje akapiga simu polisi.

Inspekta Vumilia Maganga alifika na daktari. Mifupa ilipotolewa yote, daktari aliligeuza fuvu.

"Amepigwa kisogoni," alisema. "Na si mara moja."

Vumilia akamgeukia fundi. "Kabla hujaivunja hii kaunta, iliwahi kufumuliwa na kuzibwa?"

"Hapana, afande. Tofali zilishikana mpaka chini. Mtu asingeweza kuchimba hapa bila kuibomoa yote."

Kibarazani alikuwa ameketi mzee mmoja mwenye kofia ya pama. Nelly alimnong'oneza inspekta: "Huyo ni mzee Wiliam, ndiye aliyeniuzia. Ukitaka historia ya baa hii, muulize yeye."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaa." Wiliam alianza bila kuombwa mara mbili. "Aliyeifungua ni Benjamini, karani wa reli. Mimi nilikuwa kijana wake wa kaunta. Alipofariki, baa ikaenda kwa Ngassa, mtoto wa dada yake. Mwaka 2003 Ngassa akamtelekeza mkewe, akakimbilia dhahabu huko Geita. Nikabaki mimi na baa, mpaka uzee uliponichosha nikamwachia Nelly."

"Una hakika gani kwamba alikwenda Geita?"

"Mji mzima unajua. Pasaka ya mwaka huohuo alionekana Buseresere, hukohuko Geita, ana mwanamke ubavuni."

Jioni mkuu wake wa kazi alimshauri Vumilia asijichoshe na mifupa ya zamani. Kama ni ya Ngassa, mkewe ndiye wa kukamatwa, kwani majirani waliwasikia wakigombana.

"Nitamkamata nikimwona na hatia," Vumilia alijibu. "Kwanza nimsikilize."

Asubuhi iliyofuata Monika, mke wa Ngassa, ambaye wengi humwita Mama Vaileth, alikuwa akipepeta mchele nyumbani kwake Ngokolo.

"Mwangaluka, mayu," Vumilia alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Karibu kiti."

"Mumeo aliwahi kuvunjika?"

Ungo ulitulia mikononi mwake. "Paja. Alianguka na pikipiki, akawekewa chuma hospitali ya Kolandoto. Kwa nini unaniuliza?"

Vumilia alimweleza taratibu. Monika hakulia. Alitazama chini, akauliza, "Humohumo baani?"

"Humohumo. Wanasema mligombana."

"Tuligombana kwa sababu aliamua kuifunga baa. Akiwa kitandani hospitali aliweka nadhiri: pombe basi, pale tuweke mashine ya kukoboa mpunga. Mimi nikamwambia tutakufa njaa. Wiki ya Jumatano ya Majivu nilikwenda Ushirombo kumuuguza mama. Niliporudi, mume hayupo, na kaunta mpya imejengwa."

"Hukumtafuta?"

"Nilitaka kwenda polisi. Pasaka ikafika, Evance mchimbaji akaniambia Ngassa yuko Buseresere na mwanamke. Ningekwenda kujidhalilisha kwa nani tena?"

Aliyejenga kaunta alikuwa Masudi, fundi wa siku nyingi. Alipoona gari la polisi mikono ilianza kumtetemeka, na kwa muda Vumilia aliamini amempata mtu wake.

"Kaunta yangu, ndiyo," Masudi alikiri. "Nilipachika vipande vya chupa za kijani kwa mbele. Lakini zege la chini si langu. Nililikuta limemwagwa, bado bichi. Mwezi ule wateja walikuwa wachache, Wakristo wako kwenye Kwaresima."

"Nani alikupa kazi?"

"Wiliam. Alisema ni maagizo ya Ngassa."

"Mbona unatetemeka?"

"Afande, nimejenga juu ya maiti! Nisitetemeke?"

Kesho yake Vumilia alikwenda Maganzo. Evance, ambaye siku hizi ni dalali wa almasi kando ya barabara, alimkumbuka Ngassa vizuri.

"Ulimwona Buseresere?"

"Alionekana, ndiyo."

"Sikuulizi kama alionekana. Wewe, kwa macho yako, ulimwona?"

Evance alikuna kidevu. "Mimi hapana. Niliambiwa. Nikaombwa nimfikishie mkewe, maana yeye aliyemwona aliona haya kumwambia."

"Nani huyo?"

"Wiliam."

Mchana huohuo Vumilia aliwakusanya baani Nelly, Masudi, Monika na mzee Wiliam. Askari wawili walisimama mlangoni.

"Mzee," alisema, "ulipokutana na Ngassa Buseresere alikuwa anachechemea?"

Wiliam alitabasamu kidogo. "Nani kasema nilikutana naye? Alionekana tu."

"Mama Vaileth aliambiwa na Evance. Evance aliambiwa na wewe. Nimeufuata uvumi huu nyumba kwa nyumba, na kwako ndiko umeishia. Ngassa alifukiwa kabla Masudi hajapanga tofali la kwanza, wakati wa Kwaresima. Kaunta haikuguswa tena. Pasaka utamwonaje mtu aliyekuwa chini ya kaunta unayouzia bia?"

"Huenda nilimfananisha."

"Zege lililokutwa bichi nalo lilifananishwa?"

Wiliam alivua kofia. Alimtazama Monika, kisha akakwepa macho yake.

"Benjamini aliniahidi baa hii," alisema kwa sauti ya chini. "Akafa, wakampa mpwa wake. Nikavumilia, nikamfundisha kazi. Halafu siku ile anakuja na magongo yake, ananiambia atang'oa kaunta aweke mashine ya mpunga! Maisha yangu yote yalikuwa humu. Alinipa kisogo akionyesha mashine itakapokaa. Nikashika nondo."

"Na mwanamke wa Buseresere?" Monika aliuliza.

"Nilijua hutamfuata mume mwenye mwanamke."

Monika alisimama. "Miaka yote hii unaniita shemeji. Watoto wangu wamechekwa kwamba baba yao ni mhuni. Ulikaa hapo kibarazani unasikia."

Wiliam alinyoosha mikono yake mbele. Askari walimfunga pingu wakamtoa nje.

Monika akamgeukia inspekta. "Naomba useme tena, mwanangu, majirani walioko mlangoni wasikie."

Vumilia alipaza sauti. "Ngassa hakwenda Buseresere. Hakumkimbia mkewe. Aliuawa humu."

Monika alivua kilemba chake, akakaa chini sakafuni na kulia kwa sauti, kama aliavyo mke aliyefiwa. Kwanza hakuna aliyesogea. Kisha mama mmoja muuza nyanya wa hapo stesheni aliingia, akavua kandambili zake, akaketi karibu naye na kumshika mkono.

"Pole kwa msiba, Mama Vaileth," alisema.

Na wengine wakaingia.