Mama Chai Alinyamaza

"Ni kweli au si kweli?"

Fundi umeme alisimama katikati ya sebule ya mama yake, bado na ovaroli ya kazini. Mchumba wake, mshonaji, alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani kama mgeni wa dakika tano.

"Ni kweli. Kila Jumamosi naenda."

"Kwenye kile chumba nyuma ya zahanati? Cha vichaa?"

"Cha watu waliougua akili kama mimi. Tunasikilizana, tunakumbushana dawa. Hakuna daktari, ni sisi kwa sisi."

"Na ulipanga kuniambia lini? Tukishazaa?"

Miaka miwili iliyopita mshonaji alilazwa mwezi mzima kwa sababu ya sauti zilizokuwa zikimsema mchana na usiku. Sasa anashonea maharusi wa watu magauni, lakini kila alipotaka kumweleza huyu mwanamume, ulimi ulikuwa mzito.

"Mama, na wewe sema neno basi!" fundi umeme akamgeukia mama yake pale mezani.

Mshonaji naye akamtazama mama. Maana mwanamke huyu aliyekaa akikunjakunja kitambaa cha meza, kule kikundini wanamwita Mama Chai, kwa ile chupa yake kubwa ya chai isiyokosekana. Miaka minne anahudhuria, nyumbani wakidhani yuko kwenye vikao vya akina mama. Ndiye aliyemshika mshonaji mkono siku ya kwanza, aliposhindwa hata kutaja jina lake. Na siku mshonaji alipoletwa hapa kutambulishwa, wawili hao walisalimiana kama watu wasiojuana kabisa. Sheria ya kikundi ni moja tu: uliyemkuta mle ndani, hukumkuta.

"Mwanangu," mama alisema, macho chini, "mambo ya kichwa si ya kuchezea. Fikiria watoto."

Mshonaji angesema tu, muulize mama yako Jumamosi anaipeleka wapi chai, na kesi ingeishia hapo. Alifungua mdomo, akaikumbuka ile sheria.

"Unataka kusema nini? Nipe hata sababu moja ya kubaki na wewe."

"Sina."

Alivua pete, akaiweka mezani, akatoka.

Njiani simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Mama Chai: "Nisamehe mwanangu. Baba yake akijua sina pa kwenda. Mungu akulipe kwa kuninyamazia."

Alilia palepale barabarani. Wapita njia walimkwepa, na huenda walimwita kichaa. Siku hiyo hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Wiki mbili chakula hakikupita, na mishono yote ikaenda upande. Ya tatu, fundi umeme akapiga.

"Mama ameniambia yote. Tangu siku ile hapati usingizi."

"Anaendeleaje?"

"Analia tu. Nimemwambia asijali, huo ni ugonjwa kama mwingine, tutamtunza." Akavuta pumzi. "Na wewe mpenzi, nisamehe. Nilipitiwa. Rudi."

Neno hilo mshonaji alilisubiri kila siku ya wiki hizo tatu. Akajilazimisha kuuliza.

"Alipokwambia, ulifanya nini?"

"Nilimkumbatia. Ningefanya nini? Ni mama yangu."

"Ulimwita kichaa?"

Hakumngoja ajibu.

"Eti fikiria watoto. Mtoto wake si wewe? Umeharibika wapi?"

"Nilikuwa sijui!"

"Ya kwangu ulijua. Ya mama yako ni ugonjwa, ya kwangu ilikuwa aibu."

"Basi niambie nifanye nini."

"Jumamosi mlete mama kikundini. Mwambie hakuna aliyemnunia, hata mimi. Mfikishe mpaka mlangoni."

"Na mimi je?"

"Wewe ukishamfikisha, nenda kwenu."

Akakata simu. Kisha akainamia cherehani akalia kwa sauti, kwa sababu alikuwa bado anampenda.