Povu Ndani ya Mtumbwi

Kila Ijumaa, shule ikiisha, Olga alipita nyumbani kuweka daftari, akala viazi vitamu vilivyobaki mchana, kisha akateremka hadi ufukweni Kalundu kuukagua mtumbwi wa baba yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili na kazi hiyo aliijua vizuri. Alipitisha kidole kwenye kila mshono, pale ubao mmoja unapokutana na mwingine. Alipokuta pamba imelegea, aliing'oa kwa ncha ya kisu, akachukua pamba mpya iliyolowekwa mawese, akaishindilia ndani kwa chuma butu mpaka mshono ukaze kabisa.

Ijumaa hiyo alikuwa na haraka. Madamu Béatrice, mwalimu wa darasa la sita, alikuwa amewaahidi wanafunzi wanne waliochora vizuri ramani ya ziwa kwamba Jumamosi wangekwenda kwa mtumbwi hadi Kigongo, wauone mwambao wenyewe kutoka majini. Wanne hao walikuwa Olga, rafiki yake Fanny, Pitchou mwenye mizaha, na Uwacu, msichana mgeni ambaye familia yake iliteremka kutoka Mulenge, milima ya wafugaji, mwaka huo. Luc, mdogo wake Olga wa miaka saba, alilia mpaka naye akakubaliwa.

Olga alikuwa amebakiza upande wa kulia aliposikia sauti ya Fanny kutoka juu ya njia.

"Olga we! Kuja nikusuke! Ao utapanda mtumbwi na hicho kichwa, ndege watage mayai?"

"Ungojee kidogo!"

"Giza likiingia sisuki tena!"

Chini ya kiti cha katikati kidole cha Olga kilizama. Pamba ilikuwa imeoza, na pengo lilikuwa na urefu wa kiganja. Aliangalia kopo lake: pamba ilikuwa imekwisha. Nyingine ilikuwa nyumbani, juu kilimani, na mawese yangehitaji kupashwa moto. Kupanda, kungoja, kuteremka. Nywele zingebaki hivyo hivyo.

Juu ya jiwe la kufulia nguo palikuwa na kipande cha sabuni ya mawese kilichosahauliwa na akina mama. Olga alikitazama. Alikichukua, akakimega, akakishindilia kwenye pengo, akalainisha kwa dole gumba. Kiling'aa kama pamba iliyotiwa mafuta leo leo. Alikimbia kusukwa.

Jioni Papa Gaspard, baba yake, aliuzunguka mtumbwi uliokuwa umevutwa juu ya mchanga.

"Umeziba yote?"

"Yote, Papa."

"Pamba imetosha?"

"Imetosha."

Baba alicheka, akamgusa bega. "Weye sasa ni fundi kuliko minye."

Sifa hiyo ilimchoma Olga.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, na milima ya Burundi ng'ambo ilionekana karibu. Papa Gaspard aligawa jile za kuelea, mtu akivaa hazami. Zilikuwa nne, watu walikuwa saba. Akawavisha wasiojua kuogelea: Luc, Fanny, Uwacu na Madamu Béatrice. Wote walipanda isipokuwa Uwacu, aliyesimama maji yakimfika vifundoni.

"Kwetu Mulenge maji tunayavuka kwa kukanyaga mawe," alisema polepole.

"Ukianguka usiwaite ng'ombe wa babu yako," Pitchou alisema. "Hawataweza kukufuata."

"Ng'ombe anaogelea kuliko weye, na hapigi kelele," Uwacu alijibu. Hata Madamu alicheka. Lakini Uwacu hakusogea.

Olga alimnyoshea mkono. "Panda. Mtumbwi wa Papa hauingize hata tone."

Uwacu alimtazama usoni, akaushika ule mkono, akapanda.

Walielekea kusini, ardhi ikiwa kulia kwao. Papa Gaspard alikaa nyuma akiongoza kwa kasia refu. Olga na Pitchou walipiga makasia mbele. Madamu aliwaonyesha vijito vinavyoshuka mlimani, na Fanny akavitia kwenye ramani yake. Walikuwa wamepita mwamba wa tatu upepo wa kusini ulipoanza, mapema kuliko siku nyingine. Mawimbi yaligonga mbele na kuwarushia maji usoni. Luc alipiga kelele za furaha. Kisha akainama, akashangaa.

"Muangalie! Mtumbwi unafua nguo!"

Kati ya miguu yao, juu ya maji yaliyokusanyika sakafuni, lilielea povu jeupe. Wote walicheka. Olga hakucheka. Aliijua sabuni ile.

"Ni mawimbi yanaturushia maji," Papa Gaspard alisema. "Pitchou, weka kasia, chota. Tutatoka nje kidogo. Hapa karibu na miamba mawimbi yanavunjika, kule mbele yanabeba tu."

Akaugeuza mtumbwi kuelekea ziwani.

Sema, Olga alijiambia. Sema sasa. Lakini alikumbuka mkono wa baba begani. Labda sabuni itashika, aliwaza. Labda Pitchou atachota yote. Akapiga kasia kwa nguvu, na kila pigo liliwatenga zaidi na nchi kavu.

Pitchou alichota kwa kidumu kilichokatwa mdomo. Mwanzoni alihesabu kwa sauti ya kuchekesha. Alipofika sitini alinyamaza. Maji yalikuwa yamefika juu ya vifundo vyake, na hayakupungua.

"Papa Gaspard," alisema, bila mzaha wowote, "haya maji iko inaongezeka."

"Chota."

"Ninachota, Papa!"

Uwacu alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili. Alijivuta mpaka karibu na sikio la Olga. Hakupiga kelele.

"Olga. Ulisema hauingize hata tone. Ilikuwa kweli?"

Olga aligeuka, akayaona macho yale. Kasia lilimtoka mikononi.

"Papa! Rudisha nchi kavu! Si mawimbi! Ni mshono, sikuuziba!"

"Wapi?"

"Kulia, chini ya kiti cha katikati, hapo alipokaa Madamu. Nilitia sabuni, Papa. Pamba iliisha, nikatia sabuni."

Baba hakumkaripia. Olga angependa amkaripie. Aliutazama mwambao uliokuwa mbali sasa, akatafuta kati ya miamba, akaona ufukwe mdogo wa changarawe ambapo watu walikuwa wakianika ndagala, samaki wale wadogo.

"Tupa kapu la chakula. Madamu, sogea mbele. Pitchou, usisimame. Olga, lala chini uzibe. Nikigeuza, mawimbi yatatupiga ubavuni. Mushike vizuri!"

Olga alilala ndani ya maji. Vidole vyake vililitafuta pengo, akaogopa: sabuni ilikuwa imeyeyuka yote, na maji yalikuwa yamekokota hata pamba nzuri ya pembeni. Pengo lilikuwa refu kama mkono wake hadi kiwiko. Madamu Béatrice alifungua kitenge chake, akakipasua kwa meno, akampa. Olga alikishindilia. Maji yalikisukuma nje. Alikishindilia tena, akakikandamiza kwa viganja, kisha kwa bega, povu likimwingia puani na machoni.

Mtumbwi ulipogeuka, wimbi lilipanda ubavuni na kumwagika juu ya mgongo wake. Fanny alimkumbatia Luc, naye Luc alikuwa akimwita mama yake, Mama Ernestine, kana kwamba angemsikia kutoka Kalundu. Uwacu alichukua sufuria iliyokuwa chini ya kiti, akaanza kuchota kando ya Pitchou. Meno yake yaligongana. Hakuacha kuchota.

Ukingo ulikuwa kiganja kimoja juu ya ziwa, kisha vidole vitatu. Papa Gaspard alipiga kasia huku akiguna, mishipa ya shingo imemtoka. Olga hakuuona ufukwe. Aliona ubao tu, na kitenge, na maji. Kifuani alisema neno moja: bado, bado, bado.

Wimbi la mwisho liliingia lote kwa pamoja.

"Mushike ukingo!" Papa Gaspard alinguruma. "Mbao inaelea! Asiachilie mtu!"

Mtumbwi ulizama hadi ukingoni, ukabaki hapo, umejaa, mzito. Olga alitapika maji, akamshika Luc kwenye jile. Upande wa pili aliona mikono miwili ya Uwacu imeng'ang'ania ukingo. Wanaume wa ufukweni walikuwa tayari wanaingia majini na kamba, wakipiga kelele, maji yakiwafika kifuani.

Juu ya changarawe Madamu Béatrice aliwahesabu mara tatu, akimgusa kila mmoja kichwani. Saba. Ndipo akakaa chini na kulia.

Olga alikwenda mbele ya Uwacu.

"Unisamehe. Nilikudanganya."

Uwacu alikuwa akikamua maji kwenye nguo yake. "Minye sikuuamini mtumbwi," alisema. "Sijui mitumbwi. Niliamini weye."

Papa Gaspard alikuja akaketi kati yao, mikono yake ikivuja damu palipochubuliwa na kasia.

"Sikiliza, Olga. Jana ungeniambia pamba imeisha, ningekutuma nyumbani, basi. Leo asubuhi ungeniambia, tungechelewa, Pitchou angenuna. Povu lilipotokea ungeniambia, nisingetoka nje ziwani. Minye nilidhani ni mawimbi, kwa sababu neno lako nililichukua kuwa kweli. Nikauongoza mtumbwi kwa neno hilo." Alipangusa damu kwenye suruali. "Ulisema mwishoni, na kwa hilo tuko hapa. Lakini kosa la pamba ni kosa dogo, mtu yeyote anaweza kulifanya. Kulificha ndiko kulikotaka kutuua. Kosa likikutokea, liseme lingali dogo, hata kama sauti inatetemeka."

"Nimesikia, Papa."

"Na minye pia nilikosa," aliongeza, akiwatazama wote. "Watu saba na jile nne. Haitatokea tena."

Majuma matatu yalipita kabla Madamu Béatrice na wazazi hawajakubali safari nyingine. Jumamosi hiyo jile zilikuwa saba, na ziwa lilikuwa laini. Pitchou alikuwa tayari amekamata kasia, Fanny ramani mpya. Uwacu alikuja pia. Alisimama majini palepale aliposimama mara ya kwanza.

"Tayari?" Papa Gaspard alimwuliza Olga.

Olga alipitisha kidole kwenye mshono wa mwisho, karibu na kiti cha nyuma. Kilizama kidogo, upana wa kucha.

"Bado, Papa. Hapa imelegea, na pamba imeniishia tena."

"Aaa, Olga!" Pitchou aliguna. "Upepo utatukuta!"

"Basi tutakwenda kesho," Papa Gaspard alisema, akaanza kushusha mizigo. "Kimbia nyumbani."

Olga alipogeuka kupanda kilima, alisikia nyayo nyuma yake. Alikuwa Uwacu, akikunja mikono ya nguo.

"Nitakuja na weye," alisema. "Unionyeshe inavyozibwa."