Kikohozi cha Hondohondo

Haya yalimkuta rafiki yangu, ambaye kazi yake ni kutambua ndege wa msituni kwa sikio tu. Siku moja alisikia hondohondo, yule ndege mwenye sauti ya punda aliyekasirika, mahali alipokuwa ametoweka kitambo. Akaapa mbele ya mkubwa wake kwamba amerudi. Swahiba wake wa kazini, chanda na pete, akampongeza.

Jioni, akisikiliza alichorekodi, akasikia kitu. Kila baada ya mlio, mtu alikohoa. Kikohozi kilekile kikavu, na alimjua mwenyewe.

"Ulinitegea spika," akamwambia swahiba kesho yake.

"Utani tu, ndugu yangu. Sikujua utaapa."

"Na ukanipa mkono wa hongera."

Kikulacho ki nguoni mwako.

Wakaenda kuitoa. Humo msituni jua halifiki, hata mchana unapapasa njia. Hondohondo wa spika alikuwa akilia juu ya mti. Swahiba akapanda, akaizima spika, akashuka nayo. Rafiki yangu akachomoa betri, akazifumbata, hakutaka hata kumtazama usoni.

Wakageuka kuondoka. Nyuma yao hondohondo akalia.

Ndege huyo akitua au akiruka, mabawa yake huvuma. Hapakuvuma kitu. Rafiki yangu akageuka, tusi liko mdomoni, akamkuta swahiba amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kule juu, kwenye tawi lililokuwa na spika na sasa ni tupu, kikasikika kikohozi kilekile kikavu cha swahiba.