Sahihi ya Dada

Jioni ile Mama Lebo alirudi stoo kwa jambo dogo tu. Apokee vipande vitatu vya chungu, aviandike kwenye daftari, afunge mlango, aende zake nyumbani.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, na wala hakuwa mama wa mtu. Alikuwa fundi wa maabara, mtunza stoo ya sampuli za chuo kizima. Wa dawa, wa udongo, wa mimea, wa historia, wote walipita dirishani pake kuchukua na kurudisha. Na kila kitu cha Mama Lebo kilikuwa na lebo. Mifupa ya popo, lebo. Mbegu, lebo. Hata kikombe chake cha chai. Watu walimtania kwamba siku akiolewa, bwana harusi atabandikwa karatasi kwenye paji la uso: kimepokelewa, tarehe fulani, hali nzuri.

Zamani utani huo ulimchekesha mpaka akashika mbavu. Siku hizi aliusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Umekuja kuchukua nini?"

Maana baba yake alikuwa amefariki miezi minne nyuma, na Mama Lebo hakudondosha chozi. Si hospitalini, si makaburini. Mdogo wake alipokuwa akigaagaa chini, watu wanamshika mikono, yeye alikuwa anapanga viti. Mashangazi wakanong'onezana: huyu ana moyo au ana jiwe? Mwenyewe alidhani ni uchungu uliopita kiasi. Akangoja umfike. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Wapi! Asubuhi ya siku hii ya kupokea vipande alikuwa ameweka kiganja juu ya jiko la moto, na kilichomjulisha kwamba anaungua ni harufu. Akafunga kitambaa, akaenda kazini.

Haya, sasa chungu chenyewe.

Wajenzi waliokuwa wakichimba msingi wa ukumbi mpya wa mihadhara walikitoa ardhini kikiwa kizima, mdomo umezibwa kwa nta. Chuo kikapagawa kwa furaha. Ukaundwa mradi mmoja wa taaluma zote, na kila mtaalamu akataka kipande. Jamani, wasomi! Kitu kimelala kizima miaka na miaka, wao wanakikata kwa msumeno ili wakielewe. Profesa wa muziki akachukua mdomo wa chungu, apime mlio wake. Mkemia akachukua kipande cha ubavuni, atafute kilipikiwa nini. Kitako akapewa mdogo wake Mama Lebo, mwanafunzi wa mimea, achunguze chavua na mbegu zilizonaswa kwenye udongo. Kiwiliwili kikabaki rafu ya nne.

Siku ya kugawa, mdogo mtu alichelewa. Huyo alichelewa kila mahali, nadhani hata kuzaliwa. "Dada, nitilie sahihi, niko njiani!" alisema kwenye simu akihema.

Na Mama Lebo, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumtilia mtu sahihi, akatia. Kwenye safu ya aliyepokea akaandika jina lake mwenyewe. Angefanyaje? Mtoto huyo, ni yeye aliyemlea tangu mama yao alipoaga dunia. Alimsuka nywele, alimfundisha kusoma, alimbeba mgongoni akiwa na homa. Mtoto wa kucheka na kulia, yule. Akiona kuku amelowa mvua, analia.

Ijumaa ya wiki ile, baba akafa.

Basi, jioni ile, mradi umefika mwisho na vipande vinarudi. Profesa wa muziki alifika wa kwanza. Alikuwa kiziwi kwa miezi minne. Madaktari walimpima wakachoka, wakasema masikio mazima. Aliweka kipande chake dirishani. Mama Lebo akakikagua, akaandika "kimerudishwa", akatia sahihi.

Profesa akashtuka.

"Hiyo saa," alisema. "Hiyo saa ya ukutani... inagonga."

Akakaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono, akalia kama mtoto.

Nyuma yake alikuwepo mkemia. Yeye alipotewa na uwezo wa kunusa. Idara nzima ilimcheka siku alipokunywa maziwa yaliyochacha na kuomba mengine. Naye akaweka kipande, naye akaandikiwa. Wino haujakauka, pua yake ikainuka.

"Udongo uliolowa," alinong'ona. "Na moshi. Mama Lebo, stoo yako inanuka moshi."

"Hakuna moto hapa."

"Najua hakuna."

Alimshika profesa mkono, wakatoka mbio mbio bila kuaga.

Mama Lebo akabaki anautazama mstari wa tatu. Kitako cha chungu. Aliyepokea: yeye. Akaelewa polepole, bila woga, kama mtu aliyeona funguo zake zilipokuwa. Kumbe si msiba. Si uchungu uliopita kiasi.

Ni sahihi.

Akampigia mdogo wake, aliyekuwa maabara ya mimea, ghorofa mbili juu.

"Kile kitako kilete. Leo ndiyo mwisho."

"Dada... usinikasirikie. Nilikisaga."

"Chote?"

"Chavua haitoki bila kusaga. Nikakisaga chote, nikakiosha kwa asidi. Hakuna kilichobaki. Ningekwambia, ila tulikuwa msibani, nikaona haya. Umekasirika?"

"Hapana."

"Sema kweli."

"Hata kukasirika siwezi."

Akasikia mtoto anavuta kamasi. Ameshaanza. "Dada, natamani ulie. Hata mara moja tu. Mimi namlilia baba kwa ajili yetu wawili, na nimechoka, ujue?"

"Najua," Mama Lebo alisema, akakata simu.

Ngo.

Sauti ilitoka dirishani.

Ngo... ngo...

Kama kidole kinachogonga udongo uliochomwa ukaiva vizuri. Nje taa za ujia zilikuwa hazijawashwa, na mwanga wa jioni ulikuwa unakwisha. Dirishani palikuwa na bibi kizee, mfupi, amejitokeza kichwa na mikono tu. Mikono yenyewe ilikuwa imepakaa udongo mbichi hadi viwikoni. Ile harufu ikaingia naye. Mvua ya kwanza. Jivu.

"Hodi, mjukuu wangu."

"Tumefunga, bibi."

"Nimefuata changu."

Mimi na wewe tungekuwa tumeshavunja mlango wa nyuma kwa kukimbia. Mama Lebo aliuliza, "Una fomu?"

Bibi akatabasamu. Hakuwa na meno. "Fomu unayo wewe."

Mama Lebo akakitoa chungu rafu ya nne, akaleta na vile vipande viwili. Bibi akavichukua, akavipachika mahali pake, akapitisha kidole gumba. Nyufa zikafunga. Hapakubaki hata alama ya msumeno. Kisha akakipindua. Chini palikuwa wazi, mkono unapita.

"Kitako?"

"Kimesagwa."

"Kasaga nani?"

"Mdogo wangu."

"Na aliyeandikwa?"

"Mimi."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nachukua kwa aliyeandikwa. Wale wawili wamerudisha, nami nimewarudishia. Chako hakirudi, basi nilichokichukua kwako nitakifinyanga kiwe kitako. Chungu hakikai bila kitako." Akasogea karibu. "Ila kama mkono uliandika uongo... daftari ni lako."

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Daftari la stoo halifutwi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na Mama Lebo aliwafundisha mamia ya wanafunzi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa libaki linasomeka. Pembeni unaandika lililo kweli, na tarehe, na herufi za mwanzo za majina yako.

"Nikirekebisha?" alinong'ona.

"Utapata chako chote."

"Na yeye?"

Bibi alikuwa anasubiri, vidole vyake vinadondosha tope kidogo kidogo dirishani.

Mama Lebo alikumbuka neno la mwisho la baba: mtunze mdogo wako. Alilikumbuka vizuri, pamoja na siku na saa. Akatafuta kifuani kile kitu kilichokuwa kinapanda zamani kila mtoto yule alipomwita "Dada". Alipapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Hakukuta kitu. Wala hakukuta choyo, wala chuki. Alikuta mstari wenye kosa, na kosa lilikuwa lake, na lilimkaa vibaya machoni.

Mwenye upendo angekataa. Wa kwake ulikuwa umeshachukuliwa.

Akashika kalamu.

Mstari mmoja. Jina la mdogo wake. Tarehe. Herufi mbili.

"Ahsante, mjukuu wangu," bibi alisema.

Kisha kiganja kikaanza kuuma.

Kiliuma kwanza kidogo, chini ya kitambaa, halafu kikawaka moto mpaka akapiga yowe. Na kabla yowe halijaisha, baba akafa. Alikufa wakati ule ule, pale pale stoo, na miezi minne yote ikamwangukia kichwani. Akapiga magoti. Baba! Baba yangu! Akalia kwa sauti ambayo hakujua anayo. Katikati ya kilio macho yake yakaona daftari, na jina lililoandikwa pale, mwandiko wake mwenyewe, safi, umenyooka.

"Hapana. Hapana, hapana, jamani..."

Akapiga mstari juu ya jina lile. Akaandika lake. Akaandika tena, na tena, mpaka karatasi ikachanika.

Dirishani hapakuwa na mtu. Chungu hakikuwepo. Kilichobaki ni duara la unyevu juu ya mbao.

Alipanda ngazi mbio, kiatu kimoja kikamtoka. Mdogo wake alikuwa ameketi mbele ya hadubini, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mashavu yalikuwa bado na machozi. Macho yalikuwa makavu.

"Mdogo wangu! Nitazame. Unanijua?"

Msichana akageuka. Akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye mguu usio na kiatu.

"Nakujua. Wewe ni dada yangu."

Alisema kama anayesoma lebo.

"Nisamehe. Nisamehe, mama, nimekuandika wewe, sikujua ninachofanya..."

"Ulijua ni mimi?"

Mama Lebo akashindwa kusema uongo. "Nilijua."

"Haya." Akajifuta shavu, akatazama ule unyevu kwenye kidole. "Nilikuwa nalia hapa muda si mrefu. Sikumbuki kilichokuwa kinaniliza." Akarudisha jicho kwenye hadubini. Kisha, bila kuinua kichwa, kwa sauti ya upole kabisa, akauliza:

"Umekuja kuchukua nini?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Yule binti alimaliza tasnifu yake kabla ya wenzake wote, na hachelewi tena popote. Hucheka akiona wengine wanacheka, ila anawahi kuacha. Nyumbani dada mtu ndiye anayelia, kwa ajili yao wawili, na mdogo mtu humletea maji ya kunywa kwa wakati, kila jioni, saa ile ile.

Stoo haifungwi mapema siku hizi. Mama Lebo hukaa dirishani mpaka taa za ujia ziwake, daftari limefunguliwa penye ukurasa uliochanika, kalamu mkononi, tayari kuandika jina lake mwenyewe. Zipo jioni anazosikia.

Ngo... ngo...

Anafungua haraka. Kuna harufu ya udongo uliolowa, na moshi kidogo, na ujia mtupu.