Picha kwenye Vyerehani

“Inatangazwa kwa waheshimiwa wabunge, watumishi na wageni wote kwamba kuanzia leo mlango wa mashariki wa Bunge la Jimbo utatumika kutokea tu.” Tangazo lilibandikwa upande wa ndani. Kwa sababu hiyo Mbakeren Ugba, mshonaji, aliyekuwa akiingia na furushi la majoho, aligongana na Mheshimiwa Iorfa Gbande, aliyekuwa akitoka.

“Dada, hujui kusoma?”

“Najua. Nibandikie nje, nisome.”

Iorfa alilitazama gauni lake la a'nger, kitambaa cha kwao chenye mistari myeusi na myeupe, akaomba namba ya simu.

Kufikia mwezi wa nane posa ilikuwa imekubaliwa, na dukani kwa Mbakeren palikuwa na vyerehani ishirini. Serikali ilivinunua kwa ajili ya wajane. Iorfa, alipovileta, alimwambia mchumba wake kuwa ni vya ziada, kwani wajane wote walikwisha kupata. Kama ilivyo ada ya wabunge wa huko, kila kimoja kilibandikwa picha yake na maneno “Zawadi ya Mheshimiwa Gbande”.

Asubuhi moja wachunguzi wa serikali walifika dukani. Simu ya Mbakeren ikalia; alikuwa Iorfa.

“Mpenzi, waambie ulivinunua sokoni.”

“Na sura yako, kipenzi, niliinunua duka gani?”

“Ibandue!”

“Nimejaribu kimoja. Pua imetoka, macho yamebaki.”

“Nitafungwa, Mbakeren.”

“Wale wajane walipata?”

“Wewe ibandue tu!” Mbakeren akakata simu, akawaambia wachunguzi ukweli.

Bunge lilitangaza kiti cha Iorfa kuwa wazi. Mahakama ikamfunga miaka mitano. Kwa miezi minne mfungwa alikataa kumwona Mbakeren, akiamini kwamba mchumba wake alimuuza. Mwezi wa tano alikubali. Mbakeren alikuja na viazi vikuu vya kutwanga na mchuzi wa bamia.

“Umekuja kunicheka?”

“Kukucheka si lazima nipande basi. Kula.”

Akala, bila kuhisi ladha.

“Bado wanitaka?”

“Wewe nakutaka. Uongo wako siutaki.”

“Basi tuoane, hata humu.”

“Andika barua, Mheshimiwa. Si ndiyo kazi unayoijua?”

Barua ilipitia ofisi nne. Jibu likaja, limegongwa mihuri yote:

“Ombi la ndoa limekubaliwa. Ndoa ifungwe katika ofisi ya msajili, mjini, maharusi wote wawili wakiwepo. Mfungwa haruhusiwi kutoka gerezani.”